Moyo wa Mwenyewe

Yupo mtu mmoja ambaye nilimwokoa maisha, au nilimharibia maisha, na mpaka leo sijui ni lipi kati ya hayo mawili. Sisemi hivyo kwa kupamba maneno. Ni hesabu ambayo nimeirudia usiku mwingi tangu nilipostaafu ualimu, na kila nikiirudia jibu linakataa kutoka. Nimeona afadhali niiandike, pengine msomaji ataona pale ninapokosea.

Mwaka 1994 nilikuwa nikifundisha jiografia na kusimamia michezo katika shule moja ya sekondari ya bweni, sehemu za baridi, ambako ukungu wa asubuhi huchelewa kuondoka mabondeni. Kijana ninayemsema alikuwa kidato cha tatu. Umri wake ulikuwa miaka 18, kwani wakati ule wengi waliingia darasa la kwanza wakiwa wameshachunga ng'ombe miaka kadhaa. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye miguu ya korongo, na alikimbia mita 5,000 pekupeku kana kwamba ardhi inamchoma. Sisi tuliokua tukisikiliza redioni habari za Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, na baada yake habari za Gidamis Shahanga na Juma Ikangaa, tulimtambua mkimbiaji tukimwona. Huyu alikuwa mkimbiaji.

Jumamosi moja, tukijiandaa na mashindano ya shule za sekondari, alianguka. Hakujikwaa. Alikuwa katika mzunguko wa mwisho, wenzake amewaacha mbali, mara miguu ikamlegea akaenda chini kifudifudi, hata mikono hakuitanguliza. Nilipomfikia na kumgeuza, macho yake yalikuwa wazi lakini hayaoni kitu. Nikamwagia maji usoni. Nikamwita jina. Baada ya muda ambao mimi niliuona mrefu sana, labda nusu dakika, akavuta pumzi, akakaa kitako, akaniuliza kama amemaliza.

Wanafunzi walisema ni njaa. Mpishi wa shule, mtu wa makamo na mwenye heshima zake, alinivuta pembeni akanong'ona kwamba kijana amefanyiwa mambo na shule jirani. Mimi nilisema ni jua, ingawa asubuhi ile jua lilikuwa halijatoka. Aliyekuwa na akili siku ile ni matroni peke yake. Alimuuliza kijana swali moja tu: kwenu kuna mtu aliyekufa ghafla? Kijana akajibu kwamba baba yake mdogo alidondoka shambani akiwa analima, akafa palepale, naye alikuwa na miaka 26.

Tulimpeleka hospitali ya wilaya. Daktari, kijana mwenyewe, alimsikiliza moyo akiwa amelala, kisha akamchuchumaza, kisha akamsimamisha ghafla. Akarudia mara tatu. Nilidhani anamfanyisha mazoezi. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa akisikiliza mvumo ambao katika ugonjwa fulani hupungua mtu akichuchumaa na huongezeka akisimama. Akatuandikia twende hospitali kubwa kwa kipimo cha umeme wa moyo. Huko walitoa karatasi ndefu yenye mistari ya kupanda na kushuka, na mganga wa huko aliitazama kwa muda, akamwambia kijana atoke nje avae shati, kisha akanigeukia mimi.

"Mwalimu," alisema, "huyu asikimbie tena. Misuli ya moyo wake huenda ni minene kupita kiasi. Sina kipimo cha kuniwezesha kuona kwa hakika. Lakini kwa kuanguka kule, na baba yake mdogo, na karatasi hii, mimi nisingemruhusu hata kupanda mlima."

Nilipotoka nje kijana alikuwa amekaa kwenye benchi. Aliniuliza wamesemaje. Nikamwambia wamesema apumzike.

Huo ndio ulikuwa uongo wa kwanza. Wa pili niliupanga pamoja na baba yake, nilipokwenda nyumbani kwao wiki iliyofuata. Mzee alinisikiliza hadi mwisho, akakaa kimya, kisha akasema, "Usimwambie. Akijua ana moyo mbovu, hofu itamwua kabla ya moyo wenyewe." Nilikubali upesi. Leo nakiri kwamba nilikubali kwa sababu nilikuwa nimetuliwa mzigo. Nikamwambia kijana kwamba kamati imepunguza majina ya wakimbiaji na lake halimo. Nikampa saa ya michezo awe anawapimia wenzake muda. Mwaka uliofuata alipita afisa wa timu moja ya jeshi akitafuta wakimbiaji wachanga, akaniuliza nina nani, nikamtajia majina mawili. La huyu sikulitaja.

Kabla sijaendelea na yaliyonipata, yafaa nieleze jambo lenyewe, maana watu wengi hudhani kwamba moyo wa kijana mwanamichezo ndio moyo imara kuliko yote. Kwa kawaida ni kweli. Lakini wapo wachache waliozaliwa na kasoro ambayo haionekani kwa macho. Kwa wengine misuli ya moyo hukua minene bila sababu ya kazi, na nyuzi zake hukaa ovyo ovyo, hata umeme unaoendesha mapigo ukapotea njia. Ugonjwa huo humpata mtu mmoja katika 500 hivi, na wengi wao huzeeka wakafa na mengine. Kwa wengine mishipa inayolisha moyo imeota mahali pasipofaa. Kwa wengine moyo ni mzuri kabisa wa kutazama, bali umeme wake tu ndio una hitilafu. Siku moja, mara nyingi katikati ya juhudi kubwa, mapigo hugeuka kutetemeka kusikosukuma damu, na mtu huanguka bila kuguswa na yeyote. Mchezo haukuiumba kasoro, lakini waweza kuiamsha.

Afrika tumeyaona haya mbele ya macho ya dunia. Tarehe 12 Agosti 1989, mjini Lagos, Samuel Okwaraji wa Nigeria, mwanasheria kwa elimu na kiungo kwa kipaji, alianguka dakika ya 77 katika mechi ya kufuzu Kombe la Dunia dhidi ya Angola, akafa. Alikuwa na miaka 25. Tarehe 26 Juni 2003, mjini Lyon, Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka dakika ya 72 katika nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Colombia, karibu na duara la kati, hakuna mtu aliyemgusa. Alikuwa na miaka 28, na uwanja ule ulikuwa wa klabu aliyowahi kuichezea. Uchunguzi ulionyesha ugonjwa uleule wa misuli minene. Usiku ule niliitazama picha hiyo kwenye televisheni ya jirani. Nilitoka nje katikati ya habari. Jirani alidhani naililia Cameroon.

Tangu hapo nimesoma kila nilichokipata juu ya jambo hili, na kadiri ninavyosoma ndivyo uhakika wangu unavyopungua. Italia waliweka sheria mwaka 1982 kwamba kila anayeshindana apimwe moyo kwanza, pamoja na kipimo cha umeme. Katika mkoa wa Veneto vifo vya ghafla vya wanamichezo vijana vilishuka kutoka 3.6 katika kila 100,000 kwa mwaka, miaka ya 1979 na 1980, hadi 0.4 miaka ya 2003 na 2004. Ukisoma hapo tu utasema, basi, dunia nzima na ipimwe. Lakini Israel nao waliweka sheria ya namna hiyo mwaka 1997, na waliolinganisha miaka ya kabla na ya baada hawakuona vifo vikipungua. Uingereza walipima wachezaji vijana 11,168 wa soka kati ya 1996 na 2016, wakawakuta 42 wana magonjwa yanayoweza kuua ghafla. Wengi wa hao walitibiwa. Lakini katika miaka iliyofuata vijana wanane kati ya wote waliopimwa walikufa kwa maradhi ya moyo, na sita kati ya hao wanane walikuwa wameambiwa ni wazima.

Kuna jambo jingine lililonikosesha usingizi zaidi. Ile karatasi yenye mistari iliyomtoa mwanafunzi wangu uwanjani ilisomwa kwa vipimo vilivyotokana na mioyo ya Wazungu. Leo wataalamu wanajua kwamba wanamichezo weusi walio wazima kabisa huwa na mistari iliyopinduka mara nyingi zaidi kuliko Wazungu, na kwamba moyo wa mtu afanyaye mazoezi mengi hunenepa kidogo kwa haki, kama unenepavyo mkono wa mhunzi. Je, kama karatasi ile haikuwa na ugonjwa wowote? Je, kama kuanguka kule kulikuwa kweli ni njaa? Baba mdogo naye, nani aliyempasua akaona?

Hapa ndipo penye ugumu wa jambo hili, na ndipo linapotofautiana na hatari nyingine. Ukimvuta mtoto asigongwe na lori, lori lapita na wote mnaliona. Ukimzuia kijana asikimbie, hakuna lori linalopita. Anaendelea kuishi, anaoa, anapata mvi, na kila siku anayoishi yaweza kuwa ushahidi kwamba ulimwokoa na pia ushahidi kwamba hakuwa na kitu. Wanaoruhusu huweza kupata ushahidi, tena wa kutisha. Sisi tunaozuia hatupati kamwe. Nimekutana na watu wanaosema kwamba hilo ni jambo dogo, alimradi kijana yu hai, na anayelalamika akiwa hai hana shukrani. Huko nyuma nilisema hivyo hivyo. Lakini hao hawajawahi kumtazama usoni mtu aliyeondolewa kitu pekee alichokuwa bora kwacho kuliko wenzake wote.

John Stuart Mill, mwanafalsafa wa Uingereza, katika kitabu chake juu ya uhuru kilichotoka mwaka 1859, anatoa mfano wa mtu anayetaka kuvuka daraja bovu. Ikiwa imethibitika kwamba daraja litaanguka, na hakuna nafasi ya kumwonya, anasema, waweza kumkamata na kumrudisha, wala hujamvunjia uhuru, kwa kuwa yeye hakutaka kuanguka mtoni. Lakini kama hatari ni uwezekano tu wala si hakika, mwenye kujua kama safari yake inastahili hatari hiyo ni yeye mwenyewe. Basi aonywe, asizuiwe kwa nguvu, isipokuwa akiwa ni mtoto au hana akili zake.

Nilipousoma mfano huo, nikiwa nimeshastaafu, niliweka kitabu chini. Nilijiona mimi ndimi niliyesimama kwenye daraja. Sikumkamata mtu, wala sikumwonya. Nilimwambia kwamba ng'ambo hakuna kitu.

Hata hivyo, simkubali Mill kwa yote. Mvukaji wake yuko peke yake na mto. Mkimbiaji hayuko peke yake. Yuko aliyemsajili, yuko aliyempa nauli, yuko mwenye kugawana zawadi, yuko mama yake anayesubiri mabati ya nyumba. Mtu mwenye haya yote mgongoni anaposema "nimeamua mwenyewe", lazima tuulize ni wangapi walioamua ndani yake. Marekani kulikuwa na mchezaji wa mpira wa kikapu wa chuo kikuu aliyeitwa Hank Gathers, mmoja wa wafungaji hodari wa wakati wake. Desemba 1989 alianguka uwanjani. Walimpima, wakamkuta mapigo yake hayaendi sawa, wakampa dawa. Dawa ilimfanya mzito, na macho ya timu za kulipwa yalikuwa juu yake, basi kipimo cha dawa kikapunguzwa. Machi 4, 1990 alianguka tena katikati ya mchezo, akafa, akiwa na miaka 23. Yeye alionywa. Alijua. Je, tuseme alivuka daraja kwa hiari yake? Mimi naona alisukumwa kwa upole na watu wengi waliompenda.

Kwa hiyo sisemi kwamba mwalimu, au daktari, au klabu haina haki ya kukataa. Inayo. Mwaka 2021, tarehe 12 Juni, Christian Eriksen wa Denmark alianguka mjini Copenhagen katika mechi dhidi ya Finland, moyo ukasimama, wakamrudisha kwa mashine ya kushtua moyo pale pale kwenye majani. Wakampandikiza kifaa kidogo kifuani cha kumshtua likitokea tena. Italia, alikokuwa akicheza, kanuni zao hazimruhusu mwenye kifaa hicho kushindana, na Desemba mwaka huo Inter Milan wakaachana naye. Mwezi uliofuata akasajiliwa Uingereza na Brentford. Moyo ulikuwa uleule na kifaa kilekile. Nchi moja ilisema hapana na nyingine ikasema ndiyo. Katika mashindano ya Ulaya ya mwaka 2024 aliifungia Denmark bao dhidi ya Slovenia. Sijui niseme nani alikuwa sahihi, na sidhani kwamba bao lile ni jibu. Ninachokiona ni kwamba katika safari yote hiyo hapakuwa na mtu aliyemficha Eriksen kilichomo kifuani mwake. Waitaliano walimwambia: sisi hatukuchezeshi, na sababu ni hii. Akawa na sababu mkononi, akaenda nayo kwingine.

Inter hiyohiyo, mwaka 1996, ilimpima Nwankwo Kanu wa Nigeria, aliyekuwa ametoka kushinda dhahabu ya Olimpiki, ikamkuta vali ya moyo ina kasoro. Wengi tulidhani amekwisha. Alifanyiwa upasuaji Marekani, akarudi uwanjani, akaja kuvuma na Arsenal, na baadaye akaanzisha mfuko wa kuwasaidia watoto wenye maradhi ya moyo. Hayo yote hayangewezekana kama mtu mmoja mwenye huruma angemwambia jina lake limepunguzwa na kamati.

Kati ya "mimi sitakupeleka" na "wewe hukuchaguliwa" kuna umbali ambao sikuuona nikiwa na miaka 33. Neno la kwanza ni langu, nalibeba mimi, na kijana anaweza kunichukia kwalo akiwa anajua anachokichukia. Neno la pili nimembebesha yeye.

Mwaka 2009 baba yake alipokaribia kufa alimweleza yote. Wiki tatu baada ya matanga kijana, ambaye sasa alikuwa mtu mzima mwenye biashara yake ya mbao, alikuja kwangu bila taarifa. Aliniamkia kama kawaida, "Shikamoo mwalimu," nikaitikia, nikamkaribisha. Mke wangu akaleta chai. Hakuigusa.

"Mwalimu, ile saa uliyonipa niwapimie wenzangu, ulinipa ukijua?"

"Nilijua."

Akanyamaza kwa muda. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira juu ya medali, juu ya jeshi, juu ya safari za nje ambazo hakuzipata. Alisema, "Miaka 15 nilidhani sikuwa na kasi."

Sikuwa na la kujibu, na hata leo sina. Nilidhani nimemficha ugonjwa, kumbe nilimficha kipaji chake. Alikwenda maishani akijihesabu kuwa mtu wa wastani. Aliniambia kwamba kila alipojaribu jambo na likawa gumu, ile kamati ilimjia kichwani, watu asiowajua waliokaa mezani wakalikata jina lake. Na hiyo kamati nilikuwa mimi.

Nilimshauri akapimwe upya. Alikataa. Miaka ikapita, Dar es Salaam sasa ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na kile kipimo ambacho mganga wa 1994 hakuwa nacho, cha kuuona moyo kwa mawimbi ya sauti ukipiga mbele yako kwenye kioo, kimekuwa jambo la kawaida. Nikamshauri tena. Akacheka kidogo. "Wakinikuta mgonjwa, itabidi nikushukuru. Wakinikuta mzima, sijui nitakufanya nini. Acha tu, mwalimu."

Niliona ni haki yake, nikaacha.

Lakini ana mtoto. Mwaka jana, katika harusi ya mwanafunzi mwingine, watu wa meza yetu walikuwa wakimsifu winga wa timu ya shule fulani, miaka 16, ambaye mabeki humwona akishapita. Nikauliza ni mtoto wa nani. Nilipotajiwa, pilau ilinikwama kooni. Ugonjwa huu wa misuli minene hurithiwa: mzazi akiwa nao, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuuchukua, na mara nyingi unene wenyewe huanza kuonekana katika umri huohuo wa kubalehe. Haki ya baba ya kutojua, ambayo niliiheshimu, ilikuwa inamlalia mtoto ambaye hakuulizwa.

Nilimpigia simu usiku uleule. Nilimwambia ninachojua, bila kupunguza na bila kuongeza. Nilimwambia pia yale yaliyobadilika, maana yamebadilika mengi. Mwaka 1994, ambao ndio mwaka wetu, wataalamu wa Marekani walikutana Bethesda wakaandika kwamba wenye ugonjwa huu wasishindane katika michezo karibu yote. Leo msimamo umelegea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 uliwafuatilia watu 1,660 wenye ugonjwa huu au wenye kuurithi, na wale waliofanya mazoezi makali hawakupatwa na ajali za moyo kwa wingi kuliko wenzao. Madaktari siku hizi hukaa na mwenye moyo wakapima naye hatari yake, badala ya kumpiga marufuku. Nilimwambia vilevile kwamba mtoto aweza kupimwa leo akaonekana mzima na ugonjwa ukaja kesho, kwa hiyo kupimwa mara moja hakutoshi. Na kwamba akianguka mtu, mikono miwili ikigandamiza kifua kwa nguvu na haraka ni bora mara mia kuliko maji ya usoni. Kwa maji yale bado naona aibu. Mtu aliyesimama moyo bila kushtuliwa kwa umeme hupoteza kiasi cha asilimia 7 hadi 10 ya matumaini katika kila dakika, na mimi nilikuwa nikiita jina.

Hakusema neno kwa muda mrefu, hata nikadhani simu imekatika.

"Nitampeleka," alisema mwishowe. "Nitaongea na daktari kwanza, nijue, halafu nitaangalia namna ya kumwambia."

"Hapana," nikasema. "Daktari atakaposoma majibu, mtoto awe ndani ya chumba."

"Mwalimu, ana miaka 16."

"Wewe ulikuwa na 18, na baba yako aliniambia maneno hayohayo."

Nilimsikia akivuta pumzi. Najua Mill angesema mtoto ni mtoto, na kwamba uamuzi wa kucheza au kutocheza ni wa wazazi mpaka akue. Sikatai. Na waamue. Lakini nimeshaona kinachotokea kwa kijana anayeachwa kwenye benchi nje huku watu wazima wawili wakiuzungumza moyo wake mlango ukiwa umefungwa.

"Na wewe utakaa wapi?" akaniuliza. "Maana safari hii utakuja."

"Nje," nikamwambia. "Kwenye benchi."

Akacheka, kicheko kifupi, cha kwanza nilichokisikia kwake kisicho na uchungu tangu alipokuwa na saa yangu shingoni. Tumekata tiketi za basi la Jumatatu.